Gari Langu, Kitabu cha Mwingine

Mwenye nyumba ninamopanga, huko Kahawa Wendani, ni mtu wa maneno machache. Siku moja mnamo Februari mwaka 2024 alisimama uani, akalitazama gari langu aina ya Peugeot 504 lililokuwa limekaa juu ya mawe manne chini ya mparachichi, kisha akanitazama mimi. "Daktari," akasema, "nataka kuweka tangi la maji pale. Mpaka mwisho wa mwezi wa nne, tafadhali." Hakulitaja gari. Hakuwa na haja ya kulitaja.

Gari hilo lilikuwa halijatembea tangu Agosti 2013. Kwa miaka kumi na ushei lilikuwa limefanya kila kazi isipokuwa ile lililoundiwa. Kuku wa jirani walitaga chini yake, watoto wangu walilifanya meli, basi, ndege na hata jela, na mke wangu alikuwa na mazoea ya kuanika mito juu ya boneti lake kila Jumamosi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelizoea kiasi cha kutoliona. Kila mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza aliuliza swali lilo hilo, nami kila mara nilijibu, "Nitalitengeneza mwezi ujao." Mke wangu aliacha kulicheka jibu hilo yapata mwaka wa 2018.

Msomaji atanisamehe nikianza na maneno kabla ya chuma, maana hayo ndiyo yanayonilisha. Neno gari tulilipata kutoka Bara Hindi, na walimu wa sarufi tumelitia katika ngeli ya LI-YA: gari limeharibika, magari yameharibika. Nimewakata wanafunzi wengi alama kwa kuandika "gari imeharibika". Lakini nenda kwa fundi yeyote wa Nairobi usikilize. Utasikia i- na zi- tangu asubuhi hadi jioni. Hata mimi, jioni ile gari liliponizimikia njiani huku mvuke ukifoka kutoka mbele, mke wangu anashuhudia kwamba nilisema, "Gari hii imeniua." Inaonekana ngeli ya LI-YA yataka utulivu wa moyo.

Kilichonitatiza zaidi nilipoanza kutafuta mnunuzi ni vitenzi. Mimi nilikuwa nikisema gari "limelala". Fundi akasema "imekufa". Mwenye nyumba hakusema kitu, lakini nilimsikia akimwambia mwanawe kuhusu "hicho chuma". Kila neno lilikuwa na bei yake. Kilicholala chaweza kuamshwa, kilichokufa chazikwa, chuma chapimwa kwa kilo. Nilipokaa kuandika tangazo la kubandika kwenye ubao wa chuo, nilifuta neno moja baada ya jingine hadi nikabaki na "Linauzwa jinsi lilivyo", maneno ambayo kila mtu aliyewahi kuuziwa kitu kibovu anayafahamu vizuri.

Kabla ya kulibandika nilimwita fundi mmoja mzee wa Kariobangi, ambaye enzi zake alizifungua Peugeot nyingi kuliko vitabu nilivyofungua mimi. Nilikuwa nimeazima betri, nikitumai kwamba huenda injini ingeshtuka tukalisikia likinguruma hata mara moja, bei ipande. Alinishika mkono. "Usithubutu," akasema. Kisha akanipa somo ambalo nalileta hapa kwa ajili ya wale wenye gari lililolala uani, na najua mko wengi.

Petroli iliyokaa miaka, alisema, hugeuka ikawa kama gundi, ikaziba vitundu vya kabureta. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, kwa hivyo kutu huzaliwa ndani kabisa, mahali usipopaona. Betri iliyoachwa bila chaji hufa isifufuke. Magurudumu yakisimama mahali pamoja hupata ubapa upande ulioelemewa. Panya hupenda nyaya na kichujio cha hewa. Na pistoni zikikaa bila kusogea huweza kunasa katika silinda, hivi kwamba ukiipiga injini stati kwa pupa wavunja kile ambacho kingeweza kuokolewa. Kwanza hutolewa plagi, kukatiwa mafuta kidogo katika kila tundu, kuachwa siku kadhaa, kisha injini kuzungushwa kwa mkono, taratibu, kama unayemgeuza mgonjwa kitandani.

Tulifanya hivyo. Injini haikuzunguka hata unywele. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanionyesha. Mwaka 2013 gasketi iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku iliungua, maji yakaingia kwenye mafuta, yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Wakati huo fundi mwingine alinitajia shilingi 45,000. Mimi nilikuwa mbioni kwenda Dar es Salaam kuanza masomo ya uzamifu, na fedha nilizokuwa nazo zilikuwa na kazi nyingine. Nikasema nitakaporudi nitatengeneza. Nilirudi mwaka 2017 na shahada. Maji yale yalikuwa yamebaki mle ndani muda wote huo, yakifanya kazi yake bila likizo.

"Hapa umebaki na bodi," mzee yule alisema, akiipapasa milango. "Lakini bodi ni nzuri. Hii ilitunzwa na mtu."

Naam, ilitunzwa na mtu, na mtu huyo hakuwa mimi.

Wanunuzi walianza kufika. Wa kwanza alikuwa dalali aliyenipigia simu mara sita kabla ya kuja, na alipokuja hakulitazama gari bali nyumba, viatu vyangu, na kibao chenye jina langu mlangoni. Alipokwisha kunipima alitaja 25,000. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa vyuma kuukuu, mtu mwungwana, mwenye mizani na kijana wa kuandika. Peugeot ya aina hii ina uzito wa takriban kilo 1,200, lakini aliondoa vioo, viti, mipira na matope, akabaki na 900. Kwa shilingi 30 kila kilo, ikawa 27,000. Nilishangaa kwamba mizani na ulimi wa dalali vilikuwa karibu sana.

Wa tatu alitoka Nakuru. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, fundi, anayekusanya magari ya zamani na kuyarudishia uhai. Babu yake aliendesha Peugeot ya abiria kati ya Nairobi na Nakuru, zile zilizokuwa na safu tatu za viti na dereva asiyeondoka kabla hazijajaa. Kijana huyu alizunguka gari mara tatu bila kusema. Aliinama chini akagonga chesi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alifurahia gia iliyo kwenye mti wa usukani kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mamaye akiwa msichana. Akaniambia kwamba 504 ilitoka mwaka 1968, kwamba ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwamba zilikuwa zikiunganishwa papa hapa kwetu, Mombasa. Mambo haya nilikuwa nikiyajua nusu nusu. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa na gari ambalo sikulijua wasifu wake.

"Mwalimu, mimi nina injini tayari," alisema. "Nataka bodi na viti, na hiyo dashibodi ambayo haijapasuka. Nakupa tisini na tano elfu."

Shilingi 95,000! Nilijitahidi uso wangu usionyeshe lolote. Hapo ndipo akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nionyeshe kitabu tuanze mambo ya kubadilisha jina."

Wote watatu walikiomba. Hata yule wa vyuma kuukuu, ambaye nilidhani chuma kwake ni chuma tu, alikataa kupakia kitu bila kitabu cha gari na kitambulisho changu. Tangu sheria ya mwaka 2015 kuhusu biashara ya vyuma kuukuu, na hasa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kutokana na uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme, mfanyabiashara makini hanunui kitu asichoweza kueleza kilikotoka. Dalali peke yake ndiye aliyesema, "Hiyo tutaangalia baadaye," na hilo lilitosha kunifahamisha yeye ni nani.

Kitabu cha gari, hiki ambacho Wakenya wengi tunakiita logibuku, na ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kadi ya gari, sikuwa nacho. Nilikuwa na nakala yake, iliyopauka. Na jina lililoandikwa humo lilikuwa la mwalimu wangu.

Yafaa nieleze. Mwaka 2007 nilikuwa na umri wa miaka 28, mhadhiri msaidizi mwenye mshahara mdogo na majivuno makubwa. Mwalimu aliyenifunza fonolojia, na aliyenisimamia katika shahada ya uzamili, alikuwa akistaafu na kurejea kwao Voi. Aliniuzia gari lake kwa shilingi 120,000, nilipe kwa mafungu. Hatukuandikiana mkataba wa maana. Palikuwa na karatasi moja ya daftari yenye saini mbili. Alinipa ufunguo na nakala ya kitabu, akasema kitabu chenyewe kitakaa kwake hadi nimalize, kisha twende pamoja tukabadilishe jina. Nililipa 50,000, kisha 30,000, kisha 20,000. Fungu la mwisho la 20,000 sikulipa.

Sikukataa kulipa. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kumdhulumu mzee yule. Kulikuwa na harusi, kisha mtoto, kisha karo ya mdogo wangu. Kila Desemba nilisema Januari. Naye hakuniuliza. Tulipozungumza kwa simu tulizungumzia vitamkwa na wajukuu. Kwa Waswahili wa Mvita kitenzi kuuza kina maana mbili: kutoa kitu kwa bei, na pia kuuliza. Mwalimu wangu aliniuza gari lakini hakuniuza neno. Mwaka 2015 alifariki. Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Nilituma mchango na ujumbe wa rambirambi kupitia kwa mwenzangu, sikwenda mazishini. Baada ya hapo nilikuwa na aibu mbili badala ya moja, na aibu mbili huzuia njia kuliko mto uliofurika.

Wakili mmoja rafiki yangu aliponisikiliza alinifungulia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8. Kinasema, kwa ufupi, kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe, isipokuwa kama imethibitishwa vingine. Mahakama zetu zimeeleza mara nyingi kwamba kitabu si ushahidi usiopingika, na kwamba karatasi ya mauziano na risiti zaweza kuthibitisha vingine. Lakini rafiki yangu hakuwa akinifariji. "Umefikiria upande wa pili?" akaniuliza. "Uliendesha gari hilo kutoka 2007 hadi 2013. Ungemgonga mtu, wadai wangeanza na nani?"

Sikuwa nimefikiria. Wangeanza na mwenye jina kitabuni. Mzee aliyestaafu, anayepanda mihogo Voi, angeletewa samansi kwa ajali asiyoijua, aliyoisababisha mwanafunzi wake ambaye hata fedha hajamaliza kumlipa. Yeye ndiye angelazimika kuthibitisha vingine, na karatasi ya daftari labda asiione. Niliwahi kukwaruzana na matatu pale Githurai mwaka 2010. Tuliyamaliza kwa shilingi elfu tatu na matusi. Usiku ule baada ya kutoka kwa wakili, ajali ile ndogo ilinirudia kichwani ikiwa kubwa.

Walimu wenzangu, najua jinsi tunavyouziana magari. Mmoja anahamishwa, mwingine amepata mkopo wa chama cha akiba. Tunapeana mikono mbele ya afisi ya walimu, gari linaondoka, kitabu kinabaki na jina la mwenye kuhamishwa miaka na mikaka. Siku hizi kazi hiyo ya kubadilisha jina hufanywa kwa mtandao: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali, ada inalipwa. Ni kazi ya siku chache wahusika wote wakiwa hai na wenye kuelewana. Ikiwa mmoja amekufa, mfumo ule hauna kitufe cha kubonyeza. Lazima kwanza ipatikane barua ya mahakama ya kusimamia mirathi. Itangazwe katika Gazeti la Serikali, wapewe siku 30 wenye pingamizi. Na kwa kawaida ipite miezi sita kabla hati hiyo haijathibitishwa na mali kugawanywa. Yote hayo kwa ajili ya bodi ya gari iliyo juu ya mawe.

Nilikuwa karibu kukata shauri la kumpigia dalali. Kilichonizuia ni kijitabu.

Nilikuwa nikilisafisha gari ndani, nikakifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria. Humo mlikuwa na kijitabu chenye jalada jeusi ambacho nilikuwa nimekiona mara mia nikakisukuma kando nikitafuta kitu kingine. Safari hii nilikaa kwenye kiti nikakisoma. Kilikuwa daftari la Mwalimu: tarehe, kilomita, lita za petroli, bei, kazi iliyofanywa na fundi. Alikuwa ameandika kila safari ya kituo cha petroli, tangu siku ya kwanza. Na pambizoni, kwa penseli, alikuwa ameandika maneno. Shokomzoba. Difu. Propela. Bushi. Rejeta, na chini yake, "fundi wa Mtito Andei, wa Voi asema redieta". Alikuwa akiyasikiliza maneno ya mafundi huku wakimtoza fedha. Sisi tulimjua darasani kama mtu wa vitamkwa vya lahaja za pwani. Kumbe hata chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki alikuwa kazini.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa mwaka 2007. "Gari limekwenda kwa kijana. Km 241,306. Limebaki na pedi za breki za mbele, nimemwambia. Kitabu kabatini hadi amalize."

Nilipanda treni ya Madaraka, ile isimamayo vituo vya kati, nikafika Voi baada ya adhuhuri. Nilikuwa na shilingi 20,000 katika bahasha, kilo mbili za sukari, majani ya chai, na hotuba ya kujitetea niliyoitunga tangu Emali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Karibu ndani."

Sikupata nafasi ya hotuba. Aliniandalia chai na mihogo, akauliza habari za mke na watoto, akauliza kama chuo kinalipa mishahara kwa wakati. Nilipoona siwezi kumeza tena niliweka bahasha mezani. Nikasema, kwa maneno yaliyopotea njia, kwamba ni deni la Mwalimu, na kwamba nimechelewa. Hakuigusa. Alinyanyuka akaingia chumbani, akarudi na faili ya kahawia.

Humo mlikuwa na kitabu cha gari. Na chini yake mlikuwa na hati ya mahakama iliyothibitisha mirathi, ya mwaka 2017, yenye orodha ya mali ya marehemu: shamba, nyumba, akaunti ya benki, na katika mstari wa nne, gari aina ya Peugeot, pamoja na nambari yake ya usajili, kwa mjane.

"Wakili alisema tuandike kila kilicho kwa jina lake," akaniambia. "Mwanangu mkubwa alitaka aje alichukue gari. Nikamwambia liache. Baba yenu alisema liko kwa kijana wake, na atakuja kumaliza."

Miaka saba, msomaji, gari lile chini ya mparachichi wangu lilikuwa mali ya mama huyu, kwa amri ya mahakama, naye alijua lilipo. Angetaka angelikuja na lori. Mimi nikiwakata wanafunzi alama kwa sababu ya ngeli.

Nilimweleza habari za kijana wa Nakuru na zile 95,000. Alifikiri kidogo. "Elfu ishirini ya 2007 si elfu ishirini ya leo," akasema. "Na mimi nimelipa wakili, nimelipa tangazo, nimekwenda kortini na miguu hii. Kwa karatasi gari ni langu. Kwa jasho ni lako. Tukate katikati. Hiyo bahasha rudi nayo, hela utakazopata utaleta nusu."

Sitakuficha: moyo wangu ulipiga hesabu kabla ya ulimi kusema asante. Nilikuwa nimelipa 100,000, na sasa ningepata 47,500. Kisha nikakumbuka kwamba lingeweza kuwa sufuri. Kwa wale watakaosema mama huyu alikuwa mgumu, mimi nilikuwa pale na nasema alikuwa mwadilifu. Uadilifu wenye hesabu ndani yake, wala siuoni kuwa na kasoro kwa sababu hiyo.

Nilipokuwa nikiaga nilimpa kile kijitabu cheusi. Nilikuwa nimetaka kubaki nacho, na nilikuwa na sababu nzuri za kitaaluma. Maneno yale ya pambizoni ni data ambayo mtafiti yeyote angeionea wivu. Vilevile nilijua kwamba mnunuzi angeniongezea fedha kama ningemwonyesha, maana wapenzi wa magari ya zamani huthamini sana historia ya matengenezo. Mama alivaa miwani, akafungua mahali popote, akasoma kimya. Kisha akacheka. "Aliniambia siku hiyo petroli ilikuwa ya mia tano," akasema. "Tazama. Mia nane." Akaendelea kufungua kurasa. Nilimwomba ruhusa nipige picha za yale maneno tu, kwa simu, akanikubalia huku macho yake yakiwa bado kijitabuni.

Kazi ya karatasi ilichukua wiki saba. Mwanawe, ambaye ni msimamizi mwenza wa mirathi, alifuatilia mambo Mombasa na Nairobi, nami nikalipa nauli zake. Jina la Mwalimu liliondolewa, likaingia la Mama. La Mama likaondoka, likaingia la kijana wa Nakuru. Mwenye nyumba alinivumilia hadi katikati ya Mei, bila kusema.

Kijana alikuja na lori la kubebea magari na wenzake wawili. Walilivuta kwa mnyororo, polepole, gari likatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka kumi na moja: mlio wa springi ya kiti cha nyuma. Watoto wangu, ambao sasa ni wakubwa na wana haya ya kuonyesha hisia, walisimama mlangoni wakipiga picha. Kijana alinipa nakala ya hati mpya niitazame. Ilikuwa sahihi kila herufi. Kwa mujibu wa daftari za serikali gari lile lilitoka kwa Mwalimu likaenda kwa mkewe, na kwa mkewe likaenda Nakuru. Mimi simo. Nililipanda miaka sita, nikaliweka juu ya mawe kumi na mmoja, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba liliwahi kuwa langu, isipokuwa kwa penseli, kabatini, Voi: kijana.

Siku iliyofuata nilituma 47,500 kwa simu. Mama alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba zimefika na kwamba sukari niliyompelekea ilikuwa imekwisha.

Mparachichi sasa una doa la mviringo chini yake, ardhi nyeusi ya mafuta isiyoota kitu. Tangi la maji limekuja, la lita elfu tano. Yale mawe manne mwenye nyumba hakuyatupa. Aliyapima kwa macho, akasema yako sawasawa, akamwambia fundi aweke tangi juu yake.